Swali la Sita Mbili

Madale, 14 Julai 2024

Kaka Benson,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu umenizidi mwaka mmoja na miezi miwili, siyo kwa sababu unastahili. Umesahau taulo. Tumeliona kwenye kamba ukiwa umeshafika Morogoro.

Huku hatujambo. Baba anakwenda kazini na kurudi. Mama, Shangazi na wenzao wa kwaya wamepata vitenge vya sare, vya kijani kikali, wakisimama pamoja unaona bustani inaimba. Shangazi anasema kuku wake aitwaye Mwakani ametaga mayai saba, na yule mwingine, Baadaye, bado anajifikiria.

Sasa mchezo. Tulikubaliana kwamba mpaka Desemba Vilima Tisa iwe kamili: kanuni, ramani na kadi hamsini za mikasa. Siku moja baada ya Krismasi tunatandika mkeka barazani, tunakaa na rafiki zetu Apolonia na Revelian, tunacheza mwanzo hadi mwisho. Nimejipangia nusu saa kila siku, nikishamaliza vyombo na kabla sijafungua vitabu. Kanuni kumi na mbili ziko tayari. Kadi nakata kutoka kwenye maboksi ya majani ya chai, upande wa ndani ni mweupe kabisa.

Mhusika wako Ngosi yuko kilima cha tatu, mbele ya daraja la kamba, pamoja na punda wake Kesho. Mlinzi wa daraja anakataa punda asipite. Rusha zile dadu mbili za ludo ulizobeba, uniandikie namba na unachotaka kufanya.

Shangazi ameomba nafasi hapa chini, usije kusema hakukukumbuka mwanawe.

Wako, Tupokigwe

Mwanangu Benson, taulo nimelifua. Tumia la Jamali, lakini muombe kwanza. Mama.


Makambako, 28 Julai 2024

Mdogo wangu Tupo,

Marahaba. Baridi ya huku inang'ata. Asubuhi tunaoga kwa zamu ya ujasiri, na wengine hatujapata zamu tangu Jumatano. Msalimie Mama, mwambie Jamali amekataa taulo.

Mwalimu wa zamu alifungua barua yako mbele yangu, kama wanavyofanya. Akasoma kimoyomoyo, akaniangalia.

"Ngosi ni ndugu yako?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Na punda?"

"Punda ni wangu."

Akanirudishia. Tangu siku hiyo Jamali, yule wa kitanda cha juu, ananiita Mwenye Punda.

Nimerusha: tatu na tano. Ngosi anakaa chini palepale mpaka mlinzi achoke.

Halafu nataka kanuni mpya. Wewe Msimulizi una huruma mno. Mtu akikaribia kufa unaleta mvua, unaleta mganga, unageuza hadithi. Mchezo unakosa meno. Kwa hiyo: mchezaji akipata sita mbili, ana haki ya swali moja, na Msimulizi lazima ajibu ukweli, hata kama ukweli unaharibu kila kitu. Kwa kuwa sie tunacheza kwa barua, dadu ziwe na shahidi, na shahidi asaini.

Iandike uniambie ni kanuni ya ngapi.

Benson


Madale, 25 Agosti 2024

Kaka Benson,

Shikamoo, na samahani. Barua yako nilikuwa nayo wiki mbili. Sina sababu nzuri. Maji hayapandi huku juu, nashuka kuyafuata mara tatu. Kuna masomo ya ziada Jumamosi. Kuna mambo ya nyumbani.

Baba na Mama wazima, wanakusalimu. Shangazi anapumzika siku hizi. Mtaa huu una kilima, unajua mwenyewe.

Kanuni yako ni ya kumi na tatu. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu.

Nilimwonyesha Apolonia ramani wakati wa mapumziko. Unajua nilivyo, nilisubiri darasa liondoke kwanza. Akaigeuza juu chini, akauliza, "Sasa mshindi anapatikanaje?"

"Hakuna mshindi. Mnasafiri."

"Mnafika wapi?"

"Inategemea."

"Tupo, mchezo hauna mshindi na hauna mwisho! Huo siyo mchezo, huo ni uchumba wa dada yangu."

Nikakunja ramani. Siku iliyofuata kafika mwenyewe na jina la mhusika wake limeandikwa kiganjani, akaomba awe mwizi. Kwa hiyo tuna mwizi.

Wewe umekaa darajani siku mbili. Mlinzi amekuonea huruma (najua, najua) na mmepita. Nimekutumia kurasa mbili tu. Nitajitahidi.

Tupokigwe

Mwanangu, mwandiko umepinda kwa sababu naandikia magotini. Soma. Mama.


Madale, 1 Septemba 2024

Hii siitumi. Naiandika nyuma ya daftari la mchezo, naanzia ukurasa wa mwisho narudi mbele.

Benson, mama yako anaumwa figo. Baba aliambiwa na daktari wa hospitali ya Mwananyamala tangu Mei. Ulipokuja likizo ya Juni ukamtania kwamba amepungua, akasema anajipunguza kwa ajili ya sare ya kwaya. Wote tulicheka, na mie nilicheka, nilikuwa sijui. Sasa najua.

Juzi alituita chumbani, Baba, Mama na mie. Akasema, "Benson asiambiwe. Hata nikitangulia. Mpaka aweke kalamu chini."

Baba akamwambia, "Dada, mtoto atatulaumu."

"Atawalaumu akiwa na cheti. Baba yake alipofariki aliacha kusoma mwaka mzima, akawa anahesabu mbao za dari. Mlimleta hapa nyinyi wenyewe, mlimwona."

Mama akaniangalia mie, kwa sababu mie ndiye ninayekuandikia.

Baadaye Shangazi akaniomba nimkatie kadi tatu kama zile za mchezo. Mkono hauwezi tena kuandika siku yoyote inayotakiwa, kwa hiyo akaandika zote mchana ule ule, akipumzika katikati. Moja ya mwezi huu. Moja ya Oktoba. Ya tatu aliikunja, akaomba sindano, akaishona pembeni kwa uzi mweusi. "Ya siku ya kumaliza," akasema. Kazi yangu ni kuzibandika kwa pini kwenye barua.

Kuanzia leo Baba anasoma barua zangu kabla ya kuzipeleka posta. Kurasa za mchezo anaziruka, anasema haelewi hata neno. Kwa hiyo ningetaka ningekuambia humo. Lakini nimeahidi. Niliulizwa, "Umesikia, Tupo?" nikasema, "Nimesikia, Shangazi."

Ile nusu saa yangu ninaitumia pembeni ya kitanda chake. Anarusha dadu kwenye sinia. Yeye ndiye mlinzi wa daraja, kama hukujua. Nikimwangalia sana ananigombeza: "Andika mchezo, usinitazame kama chungu kiko jikoni."


Madale, 8 Septemba 2024

Kaka Benson,

Shikamoo. Huku salama. Mwakani ameangua vifaranga vitano. Baba na Mama wanakusalimu.

Shangazi amezipenda kadi za mchezo, anasema barua zangu hazina nafasi ya kutosha, kwa hiyo ameandika kwenye kadi. Iko kwenye pini.

Kurasa za mchezo ni moja na nusu. Kesho ana mimba. Nilirusha dadu, siyo mie niliyeamua.

Tupokigwe

Nakusalimu mwanangu. Vaa sweta. Usile haraka. Mama.


Makambako, 22 Septemba 2024

Tupo,

Wasalimie wote. Tumemaliza mtihani wa majaribio. Fizikia sitaki kuizungumzia.

Sasa tuongee. Miezi miwili na nusu, nimepata kurasa tatu na nusu. Nusu! Una nini? Umepata mchumba? Jamali anasema umechoka kucheza na mtoto wa bweni na hujui useme vipi. Nikamwambia wewe hata duka la Mangi unaogopa kuingia wakiwepo watu wawili, huyo mchumba mlionana wapi.

Mimi huku mchezo ndiyo naushikilia. Kengele ikilia jioni nafungua kurasa zako hizo chache, nasoma tena, kisha naweza kurudi kwenye kemia. Sikulaumu. Nakulaumu kidogo.

Mwambie Mama kadi yake nzuri, lakini naona kama nimealikwa harusi. Na mwambie hivi: punda wake ana mimba. Yeye ndiye aliyempa Kesho jina, mtoto naye ampe jina yeye. Asichelewe, maana nimeshamwambia Jamali kuwa litakuja jina la ajabu.

Benson


Madale, 12 Oktoba 2024

Kaka Benson,

Shikamoo. Nisamehe tena. Wote wanakusalimu.

Kesho amezaa, na mtoto ni dume. Shangazi amesema aitwe Jana. Kesho amezaa Jana! Tulicheka sana. Mwambie Jamali.

Kadi yake iko kwenye pini.

Kurasa hakuna safari hii. Kila siku najipangia nusu saa na kila siku kuna kitu kinaikalia. Ninalo daftari mkononi, nafungua, nalitazama, nalifunga. Kadi nimefikisha thelathini na mbili. Nikipata wiki moja tu tulivu nitazimaliza zote. Soma vizuri.

Tupokigwe

Nakusalimu mwanangu. Ukichoka pumzika kidogo, kisha uanze na swali unalolijua. Mama.


Tukuyu, 21 Oktoba 2024

Hii pia siitumi.

Benson, siku nilipokuandikia kuhusu Jana, Shangazi alikuwa hospitali siku ya nne na alikuwa haongei. Nilimsomea swali lako sikioni. Nilimwambia Kesho anazaa, anataka jina. Alifungua macho, akayafunga. Nikalitunga mwenyewe kwenye benchi la nje. Hatukucheka.

Amefariki Jumatano asubuhi. Mie nilikuwa darasani, tulikuwa tunachora mito ya Afrika. Nilimwona Baba mlangoni amevua kofia, nikaanza kufunga kalamu zangu moja moja.

Ibada ilikuwa Ijumaa, kisha tukasafiri kuja kumzika huku kwao. Basi la msiba, jeneza na kwaya nzima. Jumamosi tuliamkia Makambako, jua limeshatoka. Watu walitaka chai. Baba alikuwa mbele na dereva, nikamsikia anasema, "Hapa usisimame. Twende mpaka Chimala."

Dereva akasema, "Mzee, kina mama wamekaa tangu jana."

"Usisimame, kijana wangu. Nakuomba."

Kisha nikaona kibao cha shule yenu. Cha bluu. Na wanafunzi wenye fyekeo wanafyeka kando ya barabara, wamevaa masweta. Walipoona vitambaa vyekundu kwenye gari waliacha kazi, wakajipanga, wakaanza kuvua kofia.

Mie nilijilaza chini, katikati ya viti. Sikuangalia. Ningeangalia ningekuona, au nisingekuona, na yote mawili nisingeyaweza. Nilisikia fyekeo zimenyamaza, halafu baada ya muda zikaanza tena.

Mama alinigusa mgongoni akasema inuka, tumeshapita. Sikuinuka mpaka Chimala.


Makambako, 27 Oktoba 2024

Tupo,

Wasalimie.

Kadi ya Mama nimeipata. Ni nzuri. Nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma naona haijibu chochote. Niliuliza jina la mtoto wa punda. Mama akiulizwa jina haachi kulisema mwenyewe, hata mkono uwe umevunjika. Kadi ile haijui kwamba kuna punda.

Na Jana. Tupo, nimeishi na Mama miaka kumi na saba. Kuku ni Mwakani, ni Baadaye. Ndoo ni Mwezi Ujao. Punda ni Kesho. Mama hajawahi kuita kitu kwa siku iliyopita. Tangu Baba afariki hataki kabisa. Jina hilo umelitoa wewe.

Jumamosi ya tarehe 19 tulikuwa tunafyeka barabarani, likapita basi la msiba. Tulisimama kama kawaida. Ndani kulikuwa na akina mama wa vitenge vya kijani kikali. Nikajiambia vitenge vinafanana kila mahali. Nimejiambia hivyo wiki nzima.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana nilirusha dadu. Sita mbili. Kanuni ya kumi na tatu, kalamu nyekundu. Swali langu kwa Msimulizi ni hili:

Mama yuko wapi?

Benson

Mimi Jamali, kitanda cha juu, nimeona sita mbili kwa macho yangu. Swali sijaonyeshwa.


Madale, 4 Novemba 2024

Siitumi.

Barua yako imefika leo. Mtihani wako unaanza Jumatatu ijayo. Nikijibu leo, jibu litafika ukiwa katikati ya mtihani.

Nimeandika jibu mara tatu. La kwanza lilikuwa la kweli, mstari mmoja. Nililitazama likaonekana dogo mno kwa kitu kilichomo. La pili lilikuwa uongo, kwamba Shangazi yuko Tukuyu kwa bibi anapumzika, na nilipolisoma nikaona kwa njia fulani siyo uongo, ndipo nilipochana karatasi. La tatu lilikuwa "Naomba unisamehe" peke yake.

Nikamwendea Baba. Alikuwa anatengeneza banda la kuku.

"Baba, Benson ameuliza."

"Ameuliza nini?"

"Mama yake yuko wapi. Ameuliza ndani ya mchezo. Kuna kanuni, akipata sita mbili lazima nimjibu ukweli."

Akaendelea kugonga msumari. "Hiyo ni kanuni ya mchezo, Tupo. Ile ni kauli ya marehemu."

"Lakini na mie niliahidi hii."

"Uliahidi na ile."

"Ndiyo, Baba. Niliahidi zote mbili."

Akaweka nyundo chini. Nilidhani ataniambia la kufanya. Alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Vile vifaranga vya Mwakani vilikuwa vinapita miguuni kwake.

"Na mimi sijui, mwanangu," akasema.

Nikinyamaza, kunyamaza nako ni jibu, na wewe utalisoma. Sijui. Nimekaa na daftari mpaka chakula cha mchana kimeungua.


Makambako, 3 Novemba 2024

Tupo,

Natumaini hii itaikuta barua yangu ya kwanza bado haijajibiwa.

Usijibu.

Nimekaa na lile swali wiki nzima. Nikaona nimekufanyia vibaya. Nilitunga kanuni ile ili usiweze kunionea huruma, na sasa naomba unionee.

Kama umeshajibu, barua ikifika nitampa Jamali bila kuifungua, ataiweka chini ya godoro lake mpaka karatasi ya mwisho. Nimemwapisha. Alitaka kutania, akaniangalia, akaacha. Ameniazima taulo.

Usinitumie kadi nyingine. Kama ipo, ikae huko.

Kila nikifungua karatasi ya mtihani nitaanza na swali ninalolijua. Haya mengine ninayoyajua nitayaacha mwisho.

Tupo, siku ile barabarani wengi walichelewa kuona gari, walikuwa wameinama. Mimi nilikuwa wa kwanza kuvua kofia. Sijui kwa nini nakuambia. Nataka tu ujue kwamba nilivua.

Benson


Madale, 20 Novemba 2024

Kaka Benson,

Shikamoo. Hii nimeihesabia siku ili ikufikie ukishamaliza. Ikiwahi, mpe Jamali. Hata hivyo hakuna kilichosemwa humu.

Kwa kawaida ningeanza na habari za nyumbani. Safari hii utazipata kwa mdomo. Mwakani na vifaranga wake wazima, Baadaye ametaga yai lake la kwanza.

Sikujibu. Barua zako zilipishana na woga wangu, siyo kwamba nilikuwa na busara. Lakini nimeandika kanuni, ya arobaini na moja, ndiyo ya mwisho katika kitabu. Inasema: "Mchezaji aliyeuliza kwa sita mbili anaweza kulishika swali lake bila kujibiwa, kwa muda anaotaka. Muda huo wote Msimulizi haruhusiwi kuendelea mbele bila yeye. Atamsubiri hapohapo." Kama hutaipenda tutaifuta.

Kadi zimekamilika, isipokuwa siyo hamsini. Ni arobaini na saba. Tatu nilimkatia mtu. Moja ya hizo ipo, imeshonwa kwa uzi mweusi, na sijaifungua wala kuiweka kwenye mwanga. Iko ndani ya daftari, itakaa huko mpaka useme wewe.

Mtoto wa punda nimemfutia lile jina. Ukurasa huo karatasi imetoboka kwa ufutio. Yuko kilima cha tatu, ng'ambo ya daraja, anajifunza kusimama.

Barua hii Baba ameisoma yote, na kurasa za mchezo pia, za mwaka mzima, mbele na nyuma. Alichukua daftari asubuhi akalirudisha jioni. Aliuliza tu, "Dadu za akiba zipo? Zibebe."

Tunakuja kukuchukua, yeye na mie. Hutapanda basi la shule. Kutoka hapo hatutarudi Dar moja kwa moja, kuna mahali tunapita kwanza.

Tutasimama nje ya geti lenu, kwenye kile kibao cha bluu. Angalia dirisha la nyuma la gari, upande wa kushoto. Nitakuwa nimekaa wima, utaniona.

Wako, Tupokigwe